Majivu ya Lovat Lane: Mwanzo wa Kwaresima katika Parokia ya London

Katika kichochoro chembamba kiitwacho Lovat Lane, kinachoteremka kutoka barabara ya Eastcheap kuelekea mto Thames, limesimama kanisa la St Mary-at-Hill, yaani Maria Mtakatifu wa Kilimani. Mpita njia anaweza kulipita asilione, kwa maana limebanwa pande zote na majengo ya ofisi. Hatua chache upande wa magharibi ndiko iliko Pudding Lane, ulikoanzia moto mkubwa wa mwaka 1666. Hatua chache upande wa kusini, kando ya maji, ndipo lilipokuwa soko la samaki la Billingsgate hadi lilipohamishwa mwaka 1982. Kwa anayetaka kujua jinsi Wakristo wa London walivyouanza mfungo wa Kwaresima kwa muda wa karne sita, ni vigumu kupata mahali panapofaa kuliko hapa. Kanisa hili limetunza daftari la kale, limeishi ubavuni mwa samaki, na katika miaka ya karibuni limesikia sala za Kiswahili.

Daftari lenyewe ni hesabu za wazee wa kanisa, ambazo zimesalia kutoka kipindi cha 1420 hadi 1559, na ambazo zilichapishwa mwaka 1904 na 1905 chini ya uhariri wa Henry Littlehales. Ni parokia chache za London zilizobahatika kubaki na kumbukumbu ndefu kiasi hicho za kabla ya Matengenezo ya Kanisa. Wazee wale hawakuandika teolojia. Waliandika fedha: nta ya mishumaa, ufuaji wa vitambaa vya altare, ukarabati wa nyumba za kanisa, ujira wa waimbaji. Miongoni mwa waimbaji waliolipwa humo katika miaka ya 1530 ni Thomas Tallis, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa muziki wa kanisa nchini Uingereza. Lakini hesabu za fedha zina ukweli wake. Zinaonyesha kwamba ibada haikuwa mali ya padri peke yake. Mtu alitoa nta, mwingine alifua nguo, mwingine alichangia senti, na mwisho wa mwaka wote waliwekwa katika ukurasa mmoja.

Katika ulimwengu wa hesabu hizo, Kwaresima ilianza machoni kabla ya kufika tumboni. Jumanne iliyotangulia, watu walikwenda kuungama, na hata leo jina la Kiingereza la siku hiyo limetokana na kitenzi cha kale cha kuungamisha. Nyumbani, mayai, siagi na maziwa yalimalizwa, kwa sababu siku arobaini zilizofuata hazikuruhusu nyama wala vitu vitokanavyo na mnyama. Ndiyo asili ya desturi ya Waingereza kupika siku hiyo mikate myembamba ambayo mwenyeji wa Afrika Mashariki angeitambua mara moja kuwa ni chapati za maji. Kesho yake yalibarikiwa majivu yaliyotokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, na kila mtu, tajiri kwa maskini, aliyapokea kichwani huku akikumbushwa kwamba yeye ni mavumbi. Kisha kanisa lenyewe lilifunga: sanamu na misalaba vilifunikwa kwa vitambaa vya kitani visivyotiwa rangi, na pazia kubwa likatundikwa mbele ya altare. Asiyejua kusoma aliingia ndani akajua, bila kuambiwa neno, kwamba majira yamebadilika.

Hayo yote yalikatwa kwa amri. Mwezi Januari 1548, wakati wa utawala wa mfalme mtoto, Edward wa Sita, Baraza la Mfalme lilipiga marufuku mishumaa ya sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, majivu ya Jumatano ya kwanza ya Kwaresima, na matawi ya Jumapili ya Matawi. Hoja ya watengenezaji haikuwa ya kipuuzi. Walihofu kwamba watu walitegemea majivu badala ya toba, wakaamini kwamba kitu kilichobarikiwa kina nguvu ya kuosha dhambi. Mwaka uliofuata, Kitabu cha Sala kwa Kiingereza kiliiwekea siku hiyo ibada ya namna nyingine. Padri alisoma orodha ya laana zilizochotwa katika Kumbukumbu la Torati dhidi ya mwenye kuabudu sanamu, mwenye kuhamisha mpaka wa jirani yake na mwenye kupotosha haki ya mgeni na yatima, na baada ya kila laana watu wakaitikia Amina. Hivyo majivu yakabadilishwa kwa maneno. Mguso wa kidole kichwani ukaacha nafasi kwa sauti ya kuhukumu.

Malkia Mary aliporejesha dini ya Roma, majivu yalirudi. Dada yake Elizabeth aliposhika enzi mwaka 1558, yaliondoka tena. Mtu mzima wa parokia ile katika mwaka 1560 alikuwa ameyashuhudia majivu yakitolewa, yakikatazwa, yakiamriwa, na kukatazwa tena, yote katika muda usiozidi miaka kumi na mitatu. Ni rahisi kusema kwamba huyo alikuwa raia mtiifu. Ni vigumu zaidi kujua alichokiamini pindi alipokuwa akiitikia Amina.

Jambo la kushangaza ni kwamba dola iliyokataza majivu haikukataza mfungo. Ilitaka samaki waendelee kuliwa. Sheria ya mwaka 1563, iliyopitishwa kwa juhudi za waziri wa malkia, William Cecil, haikuhifadhi tu siku za kale za kutokula nyama. Iliongeza na Jumatano kuwa siku ya samaki. Sababu iliyotajwa waziwazi ilikuwa jeshi la majini: wavuvi wakipata soko, taifa litapata mabaharia na merikebu. Sheria hiyo ilikwenda mbali zaidi, ikaweka adhabu kwa yeyote atakayehubiri kwamba kula samaki siku hizo ni jambo la lazima kwa wokovu wa roho. Mgonjwa aliyehitaji nyama alipaswa kupata kibali, na matajiri waliotaka ruhusa walilipa fedha zilizoingia katika sanduku la maskini la parokia. Kwa hiyo mkazi wa Billingsgate alikula samaki wake wa chumvi kama babu yake alivyofanya, kwenye sahani ileile na siku zilezile, lakini sasa akiambiwa kwamba hafungi kwa ajili ya Mungu bali kwa ajili ya merikebu.

Huenda hakuna mfano bora wa jinsi desturi inavyoweza kubaki ganda huku kiini kikitolewa. Ile Jumatano ya nyongeza ilifutwa mwaka 1585, kwa kuwa watu walichoka nayo. Mfungo ulioamriwa kwa sababu za uchumi ulikufa kwa sababu za uchumi. Ile Jumanne ya kuungama nayo, baada ya kuondolewa ungamo, ilibaki siku ya ghasia. Tarehe 4 Machi 1617, siku ya mkesha wa Kwaresima, vijana wanagenzi wa London waliivamia nyumba ya maigizo ya Cockpit katika Drury Lane wakaiharibu. Furaha ya kabla ya mfungo ilikuwa imepoteza mfungo wenyewe, na kilichosalia kilikuwa ni rungu.

Moto wa 1666 uliliunguza kanisa la St Mary-at-Hill pamoja na sehemu kubwa ya jiji, na Christopher Wren akalijenga upya kati ya 1670 na 1674 kwa kutumia baadhi ya kuta zilizosalimika. Kwa karne mbili zilizofuata, Jumatano ya kwanza ya Kwaresima katika makanisa ya Kianglikana ya London ilikuwa siku ya kitabu tu. Majivu yaliporudi, yalirudi kwa ugomvi. Vuguvugu lililoanzia Oxford mwaka 1833 liliwafanya makasisi wengi watafute upya ibada za kale. Katika kanisa la St George-in-the-East, mashariki mwa London, mavazi na mishumaa vilisababisha vurugu za kila Jumapili katika miaka ya 1859 na 1860. Bunge likatunga sheria ya kudhibiti ibada mwaka 1874, na mwaka 1877 kasisi Arthur Tooth wa Hatcham, kusini mwa London, akatiwa gerezani kwa kutoitii.

Hapa ndipo historia ya London inapokutana na historia ya pwani ya Waswahili. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, maarufu kwa kifupi cha UMCA, ililelewa katika mkondo huohuo wa Kianglikana unaopenda ibada za kale. Edward Steere, aliyezaliwa London mwaka 1828 na kusomea sheria huko, alifika Unguja mwaka 1864. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, na baadaye, akiwa askofu, alisimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja kuelekea bara, nao wakaweka makao Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo. Frank Weston, mzaliwa wa kusini mwa London, aliwahudumia maskini wa mashariki ya jiji hilo na kisha parokia ya St Matthew's, Westminster, kabla ya kwenda Unguja mwaka 1898. Aliporudi London mwaka 1923, akiwa Askofu wa Zanzibar, kuongoza kongamano la Waanglikana wa mkondo huo katika ukumbi wa Royal Albert Hall, aliwaonya kwamba heshima wanayompa Kristo altareni haina maana ikiwa hawamwoni katika mitaa ya mafukara. Ni mafundisho ya nabii Isaya, katika sura ya 58, ambayo husomwa katika makanisa mengi Jumatano ya Majivu: saumu inayokubalika ni kufungua vifungo vya uonevu na kumgawia mwenye njaa chakula.

Masasi haikubaki upande mmoja wa safari hiyo. Tangu miaka ya 1960, mafundi wa vijiji vya eneo hilo wamekuwa wakisuka misalaba midogo kwa majani makavu ya jamii ya mtende, kwa mikono ileile iliyozoea mikeka na vikapu, na misalaba hiyo huuzwa kwa parokia za Uingereza kwa ajili ya Jumapili ya Matawi. Waumini huichukua nyumbani, wakaichomeka nyuma ya picha au juu ya mlango, ikakaa mwaka mzima. Kwaresima inapokaribia, hurudishwa kanisani ikachomwa. Hivyo basi, majivu yanayoonekana katika paji la uso la karani wa benki anayepanda treni jioni katika jiji la London yanaweza kuwa yalikuwa jani la Masasi. Kanisa la Uingereza lilichapisha rasmi ibada yenye kupaka majivu mwaka 1986 tu. Kilichofukuzwa parokiani mwaka 1548 kilikuwa kimerejea, na sehemu ya malighafi yake ilitoka katika nchi ambayo wazee wa daftari la St Mary-at-Hill hawakuwahi kuisikia.

Lugha nayo imefanya safari yake. Wakristo wanaosema Kiswahili wanapoitaja Jumatano ya Majivu, wanasema maneno yenye tabaka nyingi. Juma ni neno la Kiarabu, na Jumatano ni siku ya tano kuhesabiwa baada ya Ijumaa, siku ya sala ya Waislamu. Jivu ni neno la Kibantu, la jikoni na la mafiga. Dhambi na toba vimetoka Kiarabu, na Kwaresima ina mzizi wa Kilatini unaomaanisha arobaini. Isitoshe, kalenda ya jadi ya Waswahili Waislamu huihesabu miezi mingi kwa mfungo: baada ya Ramadhani huja Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa, ndipo hufuata Rajabu na Shaabani. Katika lugha hii, mfungo ni mhimili wa mwaka wenyewe. Anayefunga kwa Kiswahili, awe Mwislamu au Mkristo, anatumia msamiati uliotengenezwa na watu waliofunga pamoja na waliojua kwamba jirani yao naye amefunga.

Msamiati huo ndio uliofika katika jiji la London. Waluteri wamekuwa na nyumba ya ibada humo tangu baada ya moto wa 1666, Mfalme Charles wa Pili alipowaruhusu wafanyabiashara wa Kijerumani na wa nchi za kaskazini kujenga mahali lilipoungua kanisa moja la parokia. Kuanzia mwaka 1966, kanisa la St Anne and St Agnes katika mtaa wa Gresham, lililobomolewa kwa mabomu wakati wa vita na kujengwa upya, lilitumiwa na Waluteri, na humo, pamoja na Kiingereza, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za ibada. Mwaka 2013 usharika wa St Anne's ulihamia St Mary-at-Hill, kama mgeni katika nyumba ya Waanglikana. Hivyo ndivyo lugha ya Unguja na ya Kilimanjaro ilivyoingia chini ya kuba la Wren, hatua chache kutoka mahali palipouzwa samaki wa Kwaresima.

Waluteri wana historia yao juu ya jambo hili. Machi 1522, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Martin Luther alianza mfululizo wa mahubiri huko Wittenberg kuwatuliza watu waliotaka kuvunja kwa nguvu desturi zote za kale. Msimamo wake kuhusu chakula ulikuwa wazi: mtu yu huru kufunga, wala asilazimishwe kufunga, lakini pia uhuru huo usitumiwe kumkwaza ndugu aliye dhaifu. Kwa Mtanzania wa Kiluteri, basi, Kwaresima haikuwa kwanza suala la sahani. Ilikuwa majira ya ibada za katikati ya juma, ya kusoma mateso ya Bwana sura kwa sura, ya nyimbo za majonzi zilizoimbwa kutoka katika kitabu cha Mwimbieni Bwana, na ya kukutana jioni na watu walewale hadi Ijumaa Kuu.

Mambo hayo ndiyo magumu kuyahamisha. Majivu husafiri kwa urahisi, na kitabu cha nyimbo hutosha mkobani. Jioni ya Jumatano haisafiri. Katika London, Jumatano ni siku ya kazi: muuguzi yuko zamu ya usiku, mlinzi yuko lango la ofisi, mwanafunzi yuko maktaba, na mwendo kutoka viunga vya jiji hadi Lovat Lane unaweza kuchukua zaidi ya saa moja. Wapo makasisi wanaosimama nje ya vituo vya treni siku hiyo kuwapaka majivu wapita njia. Ni tendo la huruma, na kwa wengine huenda ndilo mlango pekee uliosalia. Hata hivyo aliyepakwa huondoka peke yake. Hakuna atakayemuuliza wiki ya tatu kama bado anafunga.

Mwaka 2025 ulionyesha tofauti hiyo waziwazi. Ramadhani ilianza tarehe 1 au 2 Machi, kufuatana na mwandamo, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5, yaani katika juma lilelile la Waswahili. Katikati ya London, taa za Ramadhani ziliwaka juu ya barabara ya Coventry, kama zilivyofanya tangu mwaka 2023, na jioni familia ziliketi kufuturu. Mfungo wa Waislamu ulikuwa na saa yake, meza yake na watu wake. Mkristo mwenye alama nyeusi usoni, kwenye treni hiyohiyo, aliweza kuambiwa na mfanyakazi mwenzake, kwa nia njema kabisa, kwamba ana uchafu kwenye paji la uso.

Katika historia ya parokia ile ya kilimani, serikali iliweza kuondoa alama na watu wakaendelea kula samaki. Iliweza kulazimisha samaki, na watu wakaacha kufunga. Iliweza kumfunga kasisi gerezani, na ibada ikazidi kuenea. Amri haikuweza kuanzisha Kwaresima, wala haikuweza kuizima moja kwa moja. Kilichoamua ni kama palikuwa na watu waliolijua jambo hilo kwa pamoja, wenye kuchangia nta na kufua vitambaa, wenye kujuliana hali. Watengenezaji wa 1548 walikuwa na haki kuhofu kwamba majivu yangechukua nafasi ya toba. Hawakuona kwamba laana zilizosomwa kwa sauti nazo zingeweza kuitikiwa Amina na moyo uliolala.

Kigiriki na Kiswahili vimetoa majina mawili kwa jumuiya hiyo. Parokia, ambalo Wakatoliki wa Afrika Mashariki hulitumia, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukaa ugenini, kuishi kama mpita njia katika nchi ya wengine. Usharika, ambalo ni la Waluteri, linatokana na kushirikiana. Waumini wa Kiswahili waliopanda kilima kile kutoka kituo cha treni cha Monument walikuwa na haki ya kuyadai majina yote mawili. Ugeni walikuja nao bila kuuomba. Ushirika iliwapasa kuujenga upya kila mwaka, kwa nauli na kwa usingizi uliopunguzwa, ili majivu yatakapowekwa pawepo mtu wa pili wa kuyaona na kujua maana yake.